Atieno aliponiuliza kuhusu kwantamu

Leo nimetamani nisingesoma fizikia.

Mchana huu, chumbani kwetu hapa DIP, Dubai, wasichana wenzangu walinibana niwaeleze kwantamu ni nini. Nilikuwa mwalimu Kenya kabla sijaja huku kulinda milango.

Nikarusha sarafu. "Ikizunguka hewani, ni upande gani?"

"Hakuna!"

"Basi elektroni iko hivyo, mpaka uipime."

"Kama madam wangu wa kazi asubuhi, hujui amenuna au la mpaka umsalimie!" Mercy akasema. Tukacheka sana.

Hapo simu ya Atieno ikaita. Ni kaka yake. Sote tulijua mama yao amelazwa hospitalini Kisumu, hali mbaya.

Hakupokea. Akaniangalia.

"Mwalimu, nisipopokea, si mama bado yuko hai?"



Ningeweza kusema ndiyo, jamani. Ulimi ukakataa.

"Hapana, dada. Hiyo ni ya vitu vidogo mno. Si ya watu."

Akapokea. Akasikiliza kidogo tu, kisha akakaa sakafuni.

Mama ameenda.

Sasa Mercy amemkumbatia Atieno, ambaye amelia hadi sauti imekauka. Mimi niko hapa mlangoni, sijui hata nimshike wapi.

Ningemwachia ile dakika moja ya kuamini mama bado yuko hai?

Nyinyi mngemjibu nini?