Yai la Mama, Sukari Kwanza

Mama alipougua hadi akabaki mwepesi kama pumba, nilitoka Nyamigogo nikaenda Mbuba, wilayani Ngara, nyumbani kwa kaka, kumwona.

"Shikamoo mama."

"Marahaba," akajibu kwa sauti ya kifaranga. Hakuweza kutafuna. Muuguzi alisema apewe maziwa yenye yai, lakini kila kikombe alikitema.

Nikaingia jikoni. Wifi, mke wa kaka, alikuwa akipasulia yai kwenye maziwa yanayotokota, na chumvi juu. Likaganda palepale, mabonge makubwa kama vichwa vya ndama.

"Wifi, hebu nipishe. Yai na sukari kwanza. Chumvi hapana."

"Yai na sukali!" Akacheka hadi akashika ukuta. "Ndiyo mliyosoma huko kwenye masomo ya usiku ya watu wazima?"

"Hayo hayo! Na yalinitoa jasho kuliko kulima kilima kizima."

Nikamweleza huku napiga yai na sukari. Protini ya yai ni kama uzi uliokunjwa vizuri ndani ya maji. Moto unaufumua, nyuzi zinanasana, na bonge ndilo hilo. Sukari ikiyeyuka humo inausaidia uzi ubaki umekunjika mpaka moto uzidi zaidi. Chumvi, kinyume chake, inazirahisishia nyuzi zilizofumuka kushikana.

"Kwa hiyo sukali inazima moto?"

"Haizimi, wifi. Inakupa nafasi ya kukoroga."

Nikamimina maziwa mengine ya moto kidogo kidogo, nikarudisha sufuria mekoni, nikavuta kuni nje moto upungue, nikakoroga. Wifi kanisimamia kichwani: hayajachemka, utamuua mgonjwa! Kaka, ambaye habari ya yai haikumpendeza tangu mwanzo, akaja kuziba mlango.

"Tangu lini wanawake wa kwetu wanakula mayai? Bibi zetu walikatazwa, wasije wakakosa uzazi."

Nikaendelea kukoroga. Maziwa yalipokuwa mazito, yameng'ang'ania mwiko, nikaepua. Kabla sijamjibu, sauti ikatoka chumbani, na safari hii haikuwa ya kifaranga.

"Nimeshazaa tisa! Yai litanifunga nini sasa? Lete!"

Nikamimina kikombeni, nikampitia kaka chini ya mkono wake.

Mama akaonja. Majogoo wa Ngara nzima walinyamaza, nakuapia. Akameza. Akanywa tena, laini, bila bonge hata moja la kutema.

"Inatosha, mama," kaka akasema, akanyoosha mkono kuchukua kikombe.

Mama akakikumbatia kwa mikono miwili, akamgeuzia mgongo, akaendelea kunywa.