Kamba Iliyomvuta Mulud

Mbarka alikuwa mpishi wa kambi yetu pale ghubani Dakhla tangu ilipokuwa mahema machache na tangi la maji. Wageni walifuata upepo. Mchana waliteleza juu ya maji wakivutwa na tiara kubwa za kujazwa hewa, jioni walikula samaki na nyama ya ngamia aliyoipika yeye, na wengi waliondoka bila kumjua jina. Mimi nilikuwa dereva wa kambi. Nilikula jikoni kwake, kwa hiyo mengi ya haya niliyaona mwenyewe.

Mwanawe wa pekee, Mulud, alikulia kwenye mchanga ule hadi akawa mwalimu wa mchezo. Rafiki yake Lehbib ndiye aliyekuwa fundi: alishona tiara zilizochanika na kubadilisha kamba zilizolika. Ukimtafuta mmoja, ulimkuta mwenzake.

Asubuhi moja Mulud alirusha tiara iliyotoka kwenye matengenezo, Lehbib akiwa ameishika upande wa pili. Ilipopanda tu, ikaanza kuzunguka. Ilishuka kwa kasi, ikapanda, ikashuka tena, na kila ilipozunguka ilimburuta Mulud, hadi ikampiga kwenye ukuta wa mawe tunapoegesha magari. Mimi nilikuwa nyuma ya ukuta, nikisafisha vioo. Nilimfikia wa kwanza, na hapakuwa na la kufanya. Tulimzika kabla ya jua kuzama.

Kisha yakaanza maneno. Ikasemwa kijana alishtuka, akang'ang'ania mpini wa kuongozea tiara badala ya kuuachia. Mwalimu mzima, kila siku anawaambia wageni waachie, yake ikamshinda. Deidi, baba yake Mulud, ni mfugaji wa ngamia na hakuwahi kuupenda mchezo ule. Aliyasikia hayo msibani, akasema, "Alikuwa anajionyesha."

Mbarka aliporudi kazini alipika kama zamani. Ila adhuhuri, upepo ulipokaza, alitoka na kukaa juu ya kreti la soda akiwatazama wanaoruka. Siku moja alimwita Lehbib.

"Mpini ukiuachia, inakuwaje?"

"Kamba za nyuma zinalegea, mama. Tiara inakosa nguvu."

"Na usipouachia?"

"Inavuta."

"Basi nifundishe. Nataka kujua kilichomvuta mwanangu kinavutaje."

Lehbib alidhani anatania. "Mama, kwa umri huu?"

"Kwa umri huu nabeba sufuria ambalo wewe huliinui. Lete tiara."

Akaleta ndogo kuliko zote, na upepo siku hiyo ulikuwa wa wastani. Alimfunga Mbarka mkanda wa kiunoni juu ya melhafa, lile vazi refu alilojitanda, akaketi nyuma yake mchangani na kuushika mkanda kwa mikono miwili. Wapishi wasaidizi walitoka na vijiko mikononi.

"Bi Mbarka, ukifika Nouadhibou kule Mauritania utusalimie," mmoja akasema.

"Mchuzi ukiungua nakurudia wewe kwanza," akamjibu bila kugeuka. Kisha akamwambia Lehbib, "Na wewe nishike sawasawa."

Nilirusha tiara mimi. Ilipopanda, Mbarka alivutwa hadi visigino vikachimba mchanga. Lehbib akamwambia aachie mpini. Aliachia, na tiara ikatulia juu kama imesahau ilichokuwa ikifanya. Akauvuta mpini, ikamvuta. Akauachia, ikatulia. Akarudia mara nyingi, uso wake hauna kitu. Mwisho Lehbib akamfundisha kufungua kifungo chekundu cha mkanda: ukikisukuma, tiara inabaki inaning'inia kwa kamba moja tu ya mbele, inaanguka kama nguo iliyodondoka kutoka kwenye kamba ya kuanikia. Akakisukuma. Tiara ikaanguka.

Alikaa akiitazama.

"Kuachia ni rahisi hivi," akasema. "Mkono wenyewe unataka kuachia. Sasa Mulud ilimshindaje?"

Lehbib akauachia mkanda, akazunguka, akapiga magoti mbele yake.

"Haikumshinda, mama. Aliachia. Nilimwona, mikono yote miwili ilikuwa wazi. Na kifungo alikisukuma."

"Sema tena."

Lehbib akaziokota ncha za kamba. Kamba ni nne, akasema. Mbili za mbele hubeba nguvu, mbili za nyuma huongoza. Kiwandani huzimalizia tofauti makusudi, hizi kwa kitanzi, zile kwa fundo, ili ya mbele isikubali kuingia mahali pa nyuma. Kwenye tiara ile ncha zilikuwa zimelika. Yeye alizikata na kuzimalizia zote kwa kitanzi, kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa haraka, na hakumwambia Mulud. Mulud alizifunga kwa mkono uliozoea, bila kuzifuata kwa jicho. Kamba ya mbele na ya nyuma za upande mmoja zikabadilishana.

"Ikifungwa hivyo, kuachia hakusaidii. Upande mmoja unabaki umebanwa, tiara inazunguka tu. Na ile kamba moja ya kujiokoa ndiyo hiyo hiyo iliyokuwa mahali pasipo pake."

"Ulijua lini?"

"Siku ile ile. Nilizifungua mwenyewe baada ya mazishi."

"Na maneno ya watu ukayasikia."

"Niliyasikia."

"Na ya Deidi."

"Na yake."

Mbarka alianza kuufungua mkanda, vidole vikakosa bizimu. Lehbib akanyoosha mkono.

"Usiniguse," akamwambia. Akaniita mimi nimfungue. Aliposimama, akakung'uta mchanga kwenye melhafa, polepole, kila mkunjo. "Washa gari," akaniambia. "Lehbib anakwenda kumweleza Deidi."

Deidi tulimkuta hemani akipika chai. Lehbib alieleza yote akiwa amesimama, kwa sababu hakuambiwa akae. Deidi aliendelea kumimina chai kutoka gilasi hadi gilasi, povu likajaa, naye bado anamimina.

"Mulud aliachia?" akauliza.

"Aliachia."

"Hakuwa anajionyesha."

"Hapana, baba."

Deidi akaweka birika chini na kujifunika uso kwa ncha ya kilemba. Mbarka akaketi kando yake, na ndipo, kwa mara ya kwanza tangu mazishi, nilipomsikia akilia. Mimi nilitoka nje. Lehbib alibaki amesimama pale pale.

Kesho yake Lehbib aliwaeleza wote kambini, na baadaye polisi. Hakufukuzwa. Alikagua kamba zote za stoo, akazinyoosha mchangani na kuzipima moja baada ya nyingine, na ncha alizozimalizia yeye akazifanya upya. Tangu hapo pale kwetu tiara hairushwi mpaka mtu wa pili amezipitia kamba kwa mkono, kutoka mpini hadi kitambaa. Mgeni mmoja alilalamika kwamba anacheleweshwa. Mbarka alikuwa anapita na ndoo.

"Upepo wa hapa hauishi," akamwambia. "Subiri."

Lehbib anaendelea kula jikoni, lakini sahani yake siku hizi anajipakulia mwenyewe. Niliwahi kumuuliza Mbarka kama amemsamehe. Alisema hajui, akaniomba nimpitishie chumvi.