Nyumba ya Makuti Haimo Kwenye Fomu

Siku niliyohamia nyumba ya mabati, hali ya hewa ya Nawoitorong ilikufa.

Sitanii. Saa nne asubuhi mashine ilikuwa inaniambia joto ni thelathini na saba. Saa tano, nikiwa bado napanga vyombo, ikaonyesha vistari tu. Hakuna joto, hakuna upepo, hakuna mvua.

Mimi naitwa Akeno, nakaa mtaa huu wa Nawoitorong hapa Lodwar, na kazi yangu ni samaki. Tuko akina mama kumi na wanne. Tunaletewa samaki kutoka Kataboi, tunaanika, tunauza Kakuma. Mwaka juzi mvua ya ghafla ilitupata tukiwa sokoni. Tuliporudi, mzigo wa wiki mbili ulikuwa umeloa, na haukuchukua siku kutoa mabuu. Nililia kama mtoto, siwadanganyi.

Ndio maana mradi fulani ulipotafuta watu wa kukaa na mashine za hali ya hewa, nilikuwa wa kwanza kwenye foleni.

Mashine yenyewe ni vipande viwili. Kimoja kinakaa nje juu ya nguzo, kinapima. Cha pili ni kioo cha ndani, kinapokea bila waya na kutuma hesabu ofisini kwa bando la simu yangu. Presha ya hewa ikishuka, napiga kelele, akina mama wanaanua samaki. Mwaka mzima hatukupoteza hata mmoja.

Shida ilianza na afisa wa mradi, Lomorukai. Mtu wa hapa hapa, lakini akishika kalamu anajifanya amezaliwa Nairobi. Alikuta kioo kimefungwa kwenye nyumba ya makuti ya nyanya yangu, Adome, ambamo nilikuwa naishi. Akasema fomu inataka nyumba ya kudumu. Kama sina, mashine inaenda kwa hoteli moja huko Eliye Springs.

Sawa. Mimi si mtu wa kushindwa na fomu. Nikajenga chumba: ukuta mabati, paa mabati, mlango mabati. Nikahamia na kioo changu.

Na hapo ndipo vistari vikaanza.

Nilibadilisha betri. Nikainua nguzo, nikaishusha. Nikageuza kioo kila upande. Majirani wakasema nimerogwa. Siku ya nane Lomorukai akapiga simu: Ijumaa anakuja kuchukua mashine, mtu wa hoteli ameshaandika barua ya kuiomba.

Nikafunga vipande vyote viwili ndani ya leso, nikapanda lori la samaki hadi Kakuma.

Kuna fundi wa simu kule, Msomali anaitwa Mustafe, mtu wa maneno machache. Kibanda chake ni turubai na miti. Akaweka betri, akabonyeza. Netiwaki ikajaa mpaka juu.

Nikakasirika. Yaani hii mashine inanidharau mimi tu?

Mustafe aliinuka. Alienda hoteli ya jirani, akarudi na sufuria kubwa ya pilau, akafunika kile kipande cha kupima. Vistari. Akafunua. Joto thelathini na tisa. Akafunika tena. Vistari.

"Nyumba yako ukuta ni wa nini, dada?"

Aki nilitamani ardhi inimeze. Siku zote hizo nimelala ndani ya sufuria, na nimeijenga mwenyewe.

Ijumaa Lomorukai akaja na gari na dereva. Tukasalimiana, ejok, ejok. Kioo kilikuwa kimerudi kwa nyanya, kimefungwa kwenye nguzo ya kati, kinasoma kila kitu. Nikamwambia achungulie. Hakuchungulia.

"Nyumba ya makuti haimo kwenye fomu," akasema. "Toa mashine, mama."

Kwetu nyumba inajengwa na mwanamke, na ni yake. Mwanaume mgeni haingii hivi hivi. Nyanya alikaa chini katikati ya mlango, akanyoosha miguu, akatia tumbaku mdomoni.

"Ingia," akamwambia, "kama ni wewe ulikata makuti ya hii mikoma."

Lomorukai akabaki amesimama juani. Akatoa tableti yake anionyeshe aibu yangu: siku kumi na moja, tupu. Kweli zilikuwa tupu. Halafu nikaona mstari wa chini yake, umeandikwa Ofisi. Wao pia wana mashine yao. Siku zile zile kumi na moja, tupu.

Nikarudi nyuma kwa tarehe. Joto la ofisi ni lile langu, mpaka desimali. Upepo ule ule. Na tarehe tisa, mvua: kwangu milimita thelathini na moja, ofisini thelathini na moja.

Tarehe tisa Lodwar haikunyesha hata tone. Ni nyanya alipanda juu ya debe akamwagia mashine kikombe cha maji. Aliniambia kitu kilichotengenezwa mbali hakiwezi kujua mvua yetu mpaka kionjeshwe.

"Na nyinyi ofisini," nikamuuliza, "ni nyanya ya nani aliwamwagia?"

Dereva akageuka kucheka. Ukweli ukatoka pole pole. Ofisi yao ni kontena la chuma. Mashine yao haijawahi kushika hata siku moja. Mwaka mzima jamaa alikuwa ananakili hesabu zangu. Zangu zilipozima, naye akazima, ndiyo akaharakisha mashine iende hotelini, apate hesabu nyingine za kunakili.

Akaomba tuelewane pembeni. Nikamwambia hakuna pembeni, tutaongea hapa mbele ya nyanya.

"Chukua kalamu. Nyumba yangu, andika makuti. Yako, andika kontena."

Aliandika. Nilimsimamia mpaka nukta ya mwisho, nikapiga picha, nikaituma kwa namba ya wakubwa wake iliyokuwa chini ya fomu kabla gari halijawashwa.

Mwezi uliofuata wakubwa walikuja wenyewe. Fomu mpya haiulizi tena nyumba ya kudumu. Inauliza kama netiwaki inashika. Chumba changu cha mabati sasa ni stoo ya samaki, na mimi nalala kwa nyanya.

Kwa hivyo ndugu zangu, mtu akikuambia kwako hakufai, usikimbilie kujenga kwingine. Mwambie kwanza akuonyeshe kwake kunafanya kazi. Wengi hawana cha kuonyesha.