Aliyelaza Wagonjwa kwa Gesi Kidogo

Mama muuza nyanya wa Kisaju ndiye aliyeniambia, akiendelea kunifungashia nyanya: "Yule daktari wa usingizi ametuacha." Nikasahau kilichonipeleka sokoni. Wasomaji wangu, huyu hakuwa mtu wa magazeti. Kazi yake ilikuwa kulaza wagonjwa wa upasuaji katika hospitali moja ndogo ya huku Kajiado, kisha kuwaamsha, na aliyeamka salama mara nyingi humshukuru aliyeshika kisu.

Daktari huyo nilimfahamu wakati mke wangu alipotolewa uvimbe tumboni. Siku hizo alikuwa akijaribu njia rahisi ya kutumia gesi kidogo, ya usingizi na ya oksijeni: mashine husafisha hewa anayotoa mgonjwa na kumrudishia, badala ya kuimwaga bure huku mitungi ya oksijeni ikingojwa kutoka Nairobi. Alitaka kujua kama ni salama, akatuomba ridhaa. Mke wangu hajui kuzunguka maneno. "Daktari, niko na watoto. Nitaamka?" Akamjibu, "Nitakaa hapo kichwani pako, mama. Nikiona shaka nafungua oksijeni yote, utafiti utangoja."

Nilikaa kwenye benchi nikimwomba Mungu niliyekuwa nimempuuza siku nyingi. Daktari alipotoka aliniambia mke wangu ni mzima, ila katikati ya upasuaji oksijeni mwilini ilishuka kidogo. Bado ilikuwa katika kiwango kinachokubalika, na wenzake walimhimiza aendelee kwa kuwa walikaribia kumaliza. Yeye akafungua oksijeni yote, akaacha jaribio. "Mzee, huyu wako nitamhesabu kati ya wale ambao njia yangu haikuwafaa," alisema. Nikamwuliza kama hajaharibu kazi yake. "Kazi yenyewe ndiyo hiyo," akasema, akaenda kutafuta chai.

Sisi hupenda majaribio yanayofaulu tu. Tunazindua barabara lami haijashika, na anayesema tungoje huitwa adui wa maendeleo. Huyu aliitamani sana njia ile ifaulu, maana aliwahi kuona wagonjwa wakirudishwa nyumbani bila kupasuliwa kwa kukosa oksijeni. Hata hivyo hakukubali mgonjwa hata mmoja awe kafara ya tamaa hiyo. Nilimpenda kwa hilo.

Mazishini mke wangu alimshika mjane mkono. "Sauti yake ndiyo niliyoamkia," akamwambia, akilia. Mjane akamtazama. "Kumbe ni wewe? Siku hiyo alikuja akaniambia jaribio limemshinda. Halafu akalala fofofo, na hakuwa mtu wa kupata usingizi." Nami nawaombea ninyi nyote kazi ya namna hiyo, ambayo mtu anaweza kuisimamisha kwa ajili ya mwenzake, akarudi nyumbani, akalala.