Bwawa Tuliloliosha Mzee Akiwa Hospitali

Jumanne asubuhi nilipigiwa simu nikaambiwa yule mzee wa Pwani, jirani wa msikiti hapa Kitale, amefariki. Kufikia alasiri alikuwa ameshazikwa, maana Waislamu hawaweki maiti wiki nzima kama sisi. Nililia, halafu nikakasirika, na hasira hiyo ndiyo ninaandika nayo leo, wasomaji wangu. Mnivumilie.

Ujanani mzee huyu alilima mwani. Ndiyo, majani ya baharini, yanafungwa kwa kamba majini na kuvunwa kama sukuma wiki. Alipooa huku kwetu akahamia, akachimba bwawa la samaki pale Kibomet na kufundisha vijana waliomaliza shule wakakaa tu barabarani. Alikuwa na mwani mkavu ndani ya mfuko wa nailoni, akiwapitishia wanuse. "Mzee, hii ni mboga ama ni dawa ya mbu?" walimtania. Yeye alicheka tu. "Hili ni shamba, mwanangu. Ukikata, bakisha shina. Ukimaliza leo, kesho utakula mdomo wako?" Kisha aliwaonyesha bwawa, maji kijani kabisa. "Ukijani huu ndio chakula cha samaki. Msiuguse."

Sasa ngojeni niwaambie. Tulipata habari kwamba mheshimiwa mmoja anakuja kutembelea bwawa. Mzee alikuwa Lugulu, hospitali ya misheni, akitolewa mtoto wa jicho. Na sisi mnatujua: mgeni akija, hata mawe tunayapaka chokaa. Mwenyekiti wa kamati ya bwawa akasema, "Hii maji ni chafu, bana. Atatucheka." Msichana mmoja, mwanafunzi wa mzee, akapinga, "Lakini si mzee alisema tusiguse?" Mwenyekiti akamkatiza, "Mzee wako ako hospitali. Wewe shika ndoo." Hata mimi nilishika. Tukahamisha samaki kwa mapipa, tukamwaga maji, tukasugua, tukapaka chokaa mpaka ndani, tukajaza maji safi ya mto, tukawarudisha samaki. Mheshimiwa akaja, akasema, "Smati sana!" akaenda zake. Siku ya tatu samaki wote walielea matumbo juu.

Mzee alirudi na bandeji kwa jicho. "Nani ameosha?" Mwenyekiti ndiye alijibu, "Mzee, hii maneno yako ya bahari haiwezi huku." Na sisi, aibu kubwa, tukatingisha vichwa kukubali. Vijana wakatawanyika, bwawa likafukiwa, likapandwa mahindi. Mzee hakufundisha tena.

Juzi mwenyekiti huyohuyo alikaa mbele ya mjane akisema ati tumempoteza mwalimu. Nilishindwa kunyamaza. "Ulimwambia hivyo lini akiwa hai?" Akanigeukia, "Na wewe, je?"

Tunapenda kazi ipendeze macho ya mgeni hata kama itakufa akigeuza gari. Maji yakiwa kijani, mgeni ayaone kijani, aulize, aelezwe. Mtu wa kumweleza alikuwepo. Yule msichana alikuwa amefundishwa na akaelewa, na tulimnyamazisha sisi wenye mvi.