Ushanga wa Misri

Je, maiti hujua kitu chake kikichukuliwa? Nilijiuliza hivyo nikiwa na miaka minane, nimejibanza mlangoni kwa Bibi, nyumbani kwetu Ghubra, katika nchi ya Waarabu. Hata leo, mahali popote nikisikia harufu ya ubani uliochanganyika na mafuta ya karafuu, mimi hutoka nje.

Mdogo wangu Salim alikuwa angali mchanga. Bibi, mama yake Mama, alikuwa amembania kofiani ushanga wa buluu kwa pini, kumkinga na kijicho, kama wanavyofanyiwa watoto wa kwetu. Wenzake walivaa shanga za dukani. Wa Salim, alivyotuhadithia Bibi, ulitoka kaburini. Baba yake Bibi, kijana wa Unguja aliyekwenda Misri kwa meli, aliajiriwa na Wazungu waliokuwa wakifukua makaburi ya wafalme. Kazi yake ilikuwa kuchekecha mchanga uliotolewa, isipotee hata punje ya dhahabu. Ushanga mmoja ulirudi naye Unguja, ndani ya mshono wa kanzu. Akifika hapo, Bibi hucheka mpaka akakohoa.

Nami nilicheka, mpaka nilipoona kwenye televisheni habari za kaburi la mfalme kijana wa Misri, na za waliolifungua, ambao eti walikufa mmoja mmoja. Kabla wiki haijaisha, Salim akashikwa na homa.

Nilikuwa mtoto wa kuuliza kila kitu. Mama akisema walimu wangu wanastahili kuombewa dua. Lakini hili niliogopa hata kulitamka. Nilihofia nikilisema, mfalme atajua tunakaa wapi.

Baba alikwenda kutoa gari wampeleke hospitali, Mama akitafuta buibui lake. Bibi alikuwa amempakata Salim, anamfukiza ubani. Pumzi za mtoto zilikuwa fupi fupi, kama za paka aliyekimbizwa. Nikaingia, nikamwambia Bibi auvue ule ushanga.

“Una nini wewe?”

“Utamuua. Ni wa maiti.”

“Mie niliuvaa nikiwa kitoto, na sasa hata meno sina. Ungekuwa unaua, ungebishana na nani hapa?”

Hoja nzuri, hata leo ningeikubali. Lakini swali moja lilikuwa limenibakia.

“Na wanao, Bibi? Wote waliuvaa?”

Bibi akachomoa pini taratibu, akaufumbata ushanga. Sijawahi kuogopa vile. Nilitaka aniite mjinga, na hakuniita.

Salim alirudi na chupa ya dawa. Leo ana ndevu na hakubali neno langu hata moja. Chuoni nilisoma kwamba wengi wa walioingia kaburi lile waliishi miaka mingi baadaye, nikamcheka yule mtoto wa mlangoni. Kule kukubali kwa Bibi nikakuhesabu kuwa uchovu.

Mwaka jana, baada ya hitima ya Bibi, nilimwonyesha Mama ushanga niliorithi. Akashangaa kwamba sijui. Kabla ya kumzaa Mama, Bibi alizaa mtoto wa kiume aliyefariki kwa homa huko Unguja, ushanga wa Misri ukiwa kofiani. Walipotoka kumzika, Bibi aliutupa baharini. Huu wangu aliununua sokoni Matrah, huku huku kwetu, Salim alipozaliwa.