Iguana Aliyeshonwa Tumbo Bondeni Motagua

Saa tatu asubuhi, jua limeshaanza kuuma. Hermelinda Sagastume amepiga magoti kati ya madungusi. Mikononi ana iguana jike, mjusi mkubwa mwenye mkia wa miiba. Tumbo limeshonwa kwa uzi wa kuvulia samaki, na majivu yamegandia kwenye mshono.

"Bado anapumua," anasema kwa hasira.

Hermelinda ni mlinzi wa msitu mkavu wa kijiji chake, katika bonde la Motagua, Guatemala. Iguana hawa hawapo kwingine duniani. Mashamba ya matikiti yameshameza sehemu kubwa ya msitu. Iguana waliobaki huwindwa Kwaresima, watu wanapofunga nyama, maana mayai yao kwenye mchuzi hayahesabiwi kuwa nyama.

Wawindaji wa hapa hawamuui jike. Humpasua, wakatoa mayai, wakapaka majivu, wakamshona na kumwachia. Wanaamini atapona na mwakani atataga tena.

Tono, shemeji yake, ndiye aliyewafundisha vijana kushona. Anapita na fimbo yake begani.

"Shemeji, mbona umenuna? Si nimemwachia hai?"

"Nikupasue wewe, nikujaze majivu, halafu nikwambie nenda kalime?"

"Mimi sina mayai."

"Cheka tu. Mchukue, ukae naye kwako. Akifika Jumapili ya Matawi yu hai, naacha kazi hii, na mchuzi nitakupikia mwenyewe."

Tono anamtia kikapuni, anaondoka akipiga mluzi.

Kesho yake mchana, mke wa Tono anamwita Hermelinda nyumbani kwao. Iguana amekufa. Tono ameketi kando ya kikapu, maua aliyomchumia ale yamenyauka mapajani mwake.

"Nilimpa maji," anasema. "Alikunywa."

"Na wale wengine wote, Tono? Ulidhani wako wapi?"

Tono anayakung'uta maua mapajani.

"Kila mwaka majike wanapungua, nami nalaumu matikiti," Hermelinda anasema. "Kumbe tulikuwa tunawarudisha msituni wakafie huko, tukajiona watu wema."

Sasa anataka Tono asimame Jumapili ya Matawi, misa ikiisha, awaeleze aliowafundisha kwamba majike walioshonwa hufa.

"Mimi wananiita Mama Mijusi, hawanisikii. Yeye watamsikia."

Tono hajakubali. Hermelinda amevuta kiti, ameketi mlangoni kwa Tono, na anasema haondoki mpaka akubali.